Bibi Aliyekufa Ukurasa wa Sitini na Mbili

Mimi ni mwandishi wa riwaya za historia kwa watoto. Nikilisema hilo harusini au msibani, watu hunitazama kwa huruma, kisha mmoja mwenye roho nzuri huniuliza lini nitaanza kuandika vya watu wazima. Huwa namjibu kwamba nasubiri nikue kwanza. Nina miaka sitini na mmoja. Nimefundisha historia shule ya msingi miaka thelathini, nimestaafu, na nyumba yangu ipo Tandika, karibu na soko kiasi kwamba bei ya nyanya naijua kabla sijatoka kitandani. Jina langu ni Kokuberwa. Majirani wananiita Mwalimu Koku, na wakitaka kunitania wananiita Mhaya, kana kwamba hilo ni tusi.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Unatafuta jambo lililotokea kweli, unamtafuta mzee aliyekuwepo, unakaa naye mpaka akuamini. Wazee wanakumbuka kila kitu isipokuwa mwaka. Atakwambia rangi ya soksi za bwana mkubwa wa forodha, atakwambia siku hiyo kwao walikula nini na nani alilamba sufuria, lakini ukimuuliza mwaka anakujibu, "Ule wa nzige," na miaka ya nzige ilikuwa mingi. Unakwenda nyumbani, unaandika miezi minane. Halafu unampelekea mhariri, naye anaondoa kila alichokwambia mzee na kuuliza kama kuna uwezekano wa kuongeza mbwa.

Mhariri wangu anaitwa Deogratias. Ofisi yao iko Kinondoni, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Ni kijana mwenye adabu sana, hajawahi hata siku moja kunikatia sura ya kitabu bila kuniamkia kwanza.

Miaka minne iliyopita nilimpata Bibi Tupokigwe. Alikuwa akiishi Gongo la Mboto kwa mjukuu wake Clara, ambaye ni mwalimu wa darasa la nne. Baba yake bibi alitoka Tukuyu kuja kufanya ukuli bandarini, mama yake akawa anapika uji, na Tupokigwe, akiwa na miaka kumi na mitano, akawa anauuza uji huo alfajiri kwenye lango la kule Kurasini. Mwaka arobaini na saba makuli waligoma. Wakubwa wakaleta watu wengine wapakue mizigo, na watu wale wakafika na njaa zao, wakamwendea muuza uji. Tupokigwe akawaambia uji hauuzwi. Wakamwekea hela mbele, hakuzitazama. Askari akaagizwa amlazimishe. Debe likapinduliwa hapo hapo langoni, uji ukatiririka mpaka kwenye viatu vya askari. Kisha akarudi nyumbani, na mama yake akamchapa kwa kupoteza uji.

Hiyo sehemu ya kuchapwa ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Deogratias aliiondoa.

Nilikwenda kwa bibi Jumamosi saba. Alikuwa haoni, mtoto wa jicho alishamfunika macho yote mawili, lakini alikuwa akijua nikiacha kuandika. "Mbona kalamu imenyamaza?" alikuwa akiniuliza. Jumamosi ya saba nikamuuliza kama kuna kitu angependa nimfanyie. Akafikiri, akasema, "Jina langu tu. Mie wanangu wote nimewazika, na baba yangu hana hata kaburi lenye alama. Tangu nizaliwe sijasikia mtu anasoma jina langu mahali palipoandikwa, labda hospitali wakiita foleni, na pale nako wanalikosea. Liandike kitabuni. Clara atanisomea, nami nitalisikia." Nilimwahidi. Clara alikuwa anaingia na chai, kwa hiyo hata shahidi yupo.

Kisha nikapeleka mswada Kinondoni.

"Shikamoo mwalimu," Deogratias alisema. "Kazi nzuri sana. Ila hili jina."

"Marahaba. Lina nini?"

"Halina kitu. Lakini shujaa wa Dar inatakiwa awe wa Dar. Mtoto wa Temeke anataka kumwona mtu wa kwao. Halafu Tupokigwe, mwalimu, watoto watalitamka vipi?"

Nikamwambia mie naitwa Kokuberwa na watoto wamenitamka miaka thelathini. Akaniambia ndiyo maana wananiita Koku. Sikuwa na jibu, na hilo linaniuma mpaka leo, maana watu wa kwetu hatuna mazoea ya kukosa jibu.

Jambo la pili alilotaka ni shujaa afe. Alinieleza taratibu, kama daktari anayemweleza mgonjwa habari mbaya. Shujaa akibaki hai, alisema, anazeeka, anaanza kulalamika. Akifa tunapata sura ya mwisho yenye machozi, watoto wanalia, walimu wanafurahi. Yeye alipendekeza azame. Siku tatu nilikataa. Siku ya nne akanipigia kuniambia kwamba kitabu kina nafasi ya kuingia kwenye orodha ya vitabu vya ziada mashuleni. Siku ya tano nikamzamisha.

Sitafuti kisingizio. Nilitaka kitabu changu kiingie darasani, nilitaka mno, na bibi kipofu wa Gongo la Mboto hakuwa na orodha ya kuniwekea. Nikampa shujaa jina la Mwanabaraka binti Marijani. Nikamfanya hana mama tangu siku aliyozaliwa, kwa sababu Deogratias anaamini kwa moyo wake wote kwamba mtoto mwenye mama hawezi kuwa shujaa. Kwenye jalada wakamchora msichana amebeba debe la uji kichwani, mvuke unafuka, naye anatabasamu.

Bibi niliambiwa nimweleze mwenyewe, na mimi nikamweleza kwamba kitabu kiko kiwandani. Kila baada ya miezi miwili Clara alipiga simu, na kila simu kitabu kilikuwa bado kiko kiwandani. Ni kiwanda gani kinachohitaji miaka mitatu kuchapa kurasa themanini, Clara hakuuliza, kwa sababu amelelewa vizuri.

Kitabu kilipendwa. Nalisema hilo bila furaha niliyoitarajia. Asubuhi moja jirani yangu wa nyumba ya tatu, Mzee Twalib, fundi cherehani aliyestaafu na mwenyeji wa Temeke tangu babu wa babu yake, alibisha hodi akiwa na kitabu changu kwapani. Nilidhani amekuja kulalamikia maji yangu machafu yanayopita kwake, nikajiandaa. Akakaa, akavua kofia.

"Mwalimu, umetupa bibi yetu," akasema.

Ikaja kujulikana kwamba shangazi wa baba yake aliitwa Mwanabaraka na alikufa msichana, zamani hizo. Alikufaje, hakuna aliyewahi kusema. Baba yake akiulizwa alikuwa anainuka anatoka. Sasa mjukuu mmoja kaleta kitabu kutoka shule, wamekaa ukumbini wakasoma wote, watu kumi na moja, wakalia.

"Kumbe alizama," alisema Mzee Twalib, na machozi yakamlenga. "Kumbe alikuwa jasiri namna ile. Kuna kosa dogo tu, baba yake hakuwa Marijani, alikuwa Talha. Lakini usijali, mwalimu, nimesharekebisha kwa kalamu."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Nilipaona kabisa, palikuwa peupe. Nikamkaribisha juisi ya ukwaju.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo serikali ya mtaa wetu haijawahi kuionyesha kwenye mtaro. Shule ya msingi ya jirani ilikuwa imejengewa chumba cha maktaba, na chumba kilikuwa hakina jina. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, Mzee Twalib akasimama na kitabu, mikono ikanyooshwa. Juu ya mlango pakaandikwa kwa rangi ya bluu: Maktaba ya Bibi Mwanabaraka binti Talha. Mimi nikapewa nafasi ya mgeni wa heshima, kwa mchango wangu katika kuhifadhi ukweli.

Wiki mbili kabla ya ufunguzi, simu ikaita.

"Shikamoo mwalimu," alisema Clara.

"Marahaba, Clara. Ninajua, kiwanda..."

"Kitabu kimefika shuleni kwetu. Nimekisoma." Nikasikia akigeuza kurasa. "Bibi amekufa ukurasa wa sitini na mbili."

Nilikwenda nikafunga mlango, majirani wasisikie.

"Yeye hajajua. Jana kaniuliza hivi hicho kiwanda wameshawasha mashine au bado. Sasa mwalimu, utamwambia wewe au nimwambie mie?"

Angenifokea ningejua la kufanya, mimi kufokewa nimezoea. Ile sauti ya upole ndiyo iliyonikalisha kwenye kiti. Nikamwambia amlete bibi Tandika siku ya ufunguzi, Alhamisi, saa nne asubuhi. Nitamwambia mbele ya watu wote, na watu wote nitawaambia jina lake. Kwenye simu nilikuwa shujaa wa kuandikiwa kitabu.

Alhamisi ikafika. Turubai lilifungwa uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, sufuria za pilau zikawa zinachemka nyuma ya madarasa na kuwapa watoto shida ya kusikiliza. Ukoo wa Mzee Twalib ulikuja wote, si chini ya watu thelathini, wanaume kwa kanzu, wanawake kwa sare ya kanga. Deogratias alikuja kutoka Kinondoni na bango kubwa la jalada. Bibi Tupokigwe alikaa mstari wa mbele, mdogo mno kwenye kiti kile, fimbo katikati ya magoti, kilemba kipya kichwani. Nilipomwamkia alinishika mkono akauweka kwenye shavu lake.

"Leo kimetoka?" aliuliza.

"Kimetoka, bibi," nikasema. Clara akatazama pembeni.

Mchungaji aliomba dua fupi, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Kisha watoto wa darasa la sita wakaigiza. Msichana mwenye kanga kiunoni akapita na debe kichwani, akiringa, na makuli wa kuigiza wakamshangilia. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia yaliyokuwa yakisemwa kwenye kiti cha pili.

"Amelibeba wapi?" bibi alimuuliza Clara.

"Kichwani, bibi."

"Uji wa moto?"

"Wa moto, ndiyo."

"Huyo ana wazimu," alisema bibi, na mke wa mwenyekiti akageuka.

Baada ya igizo ilikuwa zamu ya hitima ya kumwombea marehemu Mwanabaraka, kisha zamu yangu. Nikafurahi, maana hitima ingenipa kama dakika kumi zaidi za kuwa mtu mwema. Maalim Mwishehe alisimama, mzee mfupi mwenye sauti ya kujaza msikiti bila kipaza. Akatazama upande wa akina Twalib.

"Marehemu ni Mwanabaraka binti nani?"

"Binti Talha, maalim," alisema Mzee Twalib.

"Huyo baba. Namuuliza mama."

Wenyeji wa pwani wanalijua hili tangu utotoni. Mimi nimekaa nao miaka thelathini na sita, nimekula pilau za hitima zao zisizo na idadi, na kichwa changu chote cha kusomea hakikuwahi kuliokota: kwao maiti akitajwa siku hiyo hutajwa kwa mama yake, maana ndivyo anavyoitwa huko aliko. Mtu yeyote wa Tandika angeandika kitabu kile, hata kwa uvivu, angemtafutia marehemu mama. Mimi nilimnyima mama ili awe shujaa.

Mzee Twalib akamtazama dada yake Munira. Munira akasema nadhani alikuwa Zuhura. Binamu mmoja akasema Zuhura alikuwa mke wa pili, huyo hakuzaa. Munira akamuuliza binamu yeye amejuaje nani alizaa na nani hakuzaa. Mambo yakaanza kupanda. Ndipo kijana mmoja akapata akili ya kufungua kitabu, wakakipekua wanne wanne, vichwa vimegusana.

"Mwalimu," alisema Mzee Twalib, "mama yake hujamwandika."

"Mwalimu ndiye aliyefanya utafiti," alisema Maalim. "Tusaidie jina."

Nisiwafiche. Jina nilikuwa nalo. Mimi ni fundi wa kazi hii, mama wa mtu naweza kumtunga kabla hujapiga chafya, na nikampa ukoo, na chale kwenye nyonga, na neno la mwisho alilosema akikata roho. Mdomo wangu ulishafunguka. Halafu nikamwona bibi amegeuza uso kuelekea sauti yangu ilipotoka mara ya mwisho, ametulia, anasubiri. Alidhani wote wale wamekuja kwa ajili ya kitabu chake. Aliona aibu labda kuuliza mbona jina analosikia ni lingine. Nilijichukia kwa namna ambayo sijawahi kujichukia, na mimi najipenda sana.

"Hana mama, maalim," nikasema. "Nilimtunga. Hakuna Mwanabaraka aliyemwaga uji. Aliyemwaga ni huyu bibi aliyekaa hapa mbele, anaitwa Tupokigwe, yu hai, na nilimwahidi nitaandika jina lake. Nikalibadilisha, kisha nikamzamisha, kwa sababu niliambiwa kitabu kitauzika."

Mwenyekiti akakohoa kwenye kipaza sauti. Deogratias akaanza kuikunja pembe ya bango lake. Mzee Twalib hakukasirika hata kidogo, alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa malaria iliyopanda kichwani.

"Mwalimu, Dar umekuja mwaka gani?"

"Themanini na tisa."

"Bibi yetu kafariki hata wewe hujazaliwa. Leo ndiyo unatwambia hakuwepo?" Watu wakacheka. "Wewe uliandika tu, mwalimu. Umechoka, kaa upate maji."

Wakanipigia makofi. Miaka yote hiyo nimelia kwamba watu hawaviamini vitabu, na siku nilipopata watu wanaokiamini changu, walikiamini kuliko mimi.

Lakini Mzee Twalib ni muungwana. Akaenda mpaka kwa bibi, akachuchumaa mbele yake, kanzu ikagusa vumbi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba."

"Mwalimu anasema ule uji uliumwaga wewe."

"Niliumwaga."

"Peke yako?"

Bibi akacheka, cheko la kikohozi. "Debe la uji wa moto, toka Temeke mpaka Kurasini, nani analibeba peke yake? Na kichwani? Tulipitisha mti, mmoja mbele mmoja nyuma. Mbele nilikuwa mie, Tupokigwe. Nyuma alikuwepo mtoto mwingine, wa huku huku kwenu, Mzaramo, mwembamba, anacheka hata pasipo na cha kuchekesha. Mie nikasema hatuuzi, yeye akasema tupindue. Tukapindua. Mie peke yangu ningeliinulia wapi?"

Hata upande wa pilau waliweka miiko chini.

"Aliitwa nani, bibi?"

"Jina limenitoka. Nimekaa nalo miaka mingi, mwisho likatoka. Baada ya mgomo alishikwa na homa, hakuja tena. Nikawa nauza na mdogo wangu."

"Hakuzama?"

"Nani kakwambia alizama?"

Mzee Twalib akageuka kunitazama. Watu wote wakageuka kunitazama. Nilitamani nizame mimi.

Jumamosi saba. Nilimuuliza bibi bakuli moja la uji lilikuwa senti ngapi, nilimuuliza askari alivaa viatu gani, nilimuuliza kama kulikuwa na ukungu. Sikumuuliza alikuwa na nani. Nilikwenda kwake nikiwa nataka shujaa mmoja, kwa sababu wawili hawakai vizuri kwenye jalada, na kwa hiyo nikarudi na mmoja. Kosa hilo Deogratias hahusiki nalo, na nimejaribu kumhusisha.

"Basi ndiye," alisema Mzee Twalib. "Ndiye huyo, bibi. Alikuwa wa kwetu."

"Mie siwezi kukwambia ndiye, baba, wala siwezi kukwambia siye," bibi akasema. "Jina sinalo. Lakini alikuwepo. Hilo hata nikifa leo, alikuwepo."

Munira akaanza kulia, na yule binamu aliyebishana naye akamshika bega. Maalim Mwishehe akasubiri mpaka watu watulie.

"Asiyejulikana mama yake," akasema, "sie tunamtaja kwa Hawa. Huyo ni mama wa wote." Akainua mikono, akamwombea Mwanabaraka binti Hawa, na watu thelathini wa Twalib wakaitikia amina, na mchungaji naye akaitikia, na watoto wakaitikia kwa nguvu kuliko wote kwa sababu waliona pilau imekaribia.

Nilipoinua kichwa, bibi alikuwa akiniita.

"Mwalimu."

"Naam, bibi."

"Kwa hiyo jina langu halimo?"

"Halimo, bibi."

"Hata pembeni?"

"Hata pembeni. Na kiwandani hakukuwa na kitu. Nimekudanganya miaka mitatu."

Alitikisa kichwa polepole. Nilingoja maneno makali, nilikuwa nayataka, yangenipunguzia mzigo. Hakunipa.

"Kalamu unayo?" aliuliza.

Kwenye meza ya maktaba palikuwa na nakala arobaini za kitabu changu, zimefungwa utepe. Bibi akaomba apelekwe hapo. Clara akamshika mkono, Mzee Twalib akabeba kiti, mwenyekiti akafuata na mkasi wake akiuliza kama anaruhusiwa sasa kukata utepe wa mlangoni, nasi tukauinua tukapita chini yake. Bibi akakaa, akaniamuru nikae kando yake.

"Andika ukurasa wa kwanza," akasema. "Andika: mbele alishika Tupokigwe, nyuma alishika mwenzake. Halafu huko ninakokufa, futa."

Nikaandika. Nikafungua ukurasa wa sitini na mbili, nikapiga mstari juu ya kifo chake kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, sentensi nzuri zile, zilizonichukua wiki.

"Mwalimu, samahani," Deogratias alisema kutoka mlangoni, "lakini hivyo ni kuharibu vitabu."

"Kaka, nenda kale pilau," alisema Munira.

"Umeandika?" bibi aliniuliza.

"Nimeandika."

"Nisomee."

"Mbele alishika Tupokigwe, nyuma alishika mwenzake."

Alisikiliza amefumba macho yake yasiyoona, midomo ikisogea kidogo. Kisha akakiomba kitabu, akakipapasa jalada, akakiweka upande wake wa kushoto, akanyoosha mkono wa kulia.

"Kingine," akasema.

Nikaandika cha pili, nikasoma. Nikaandika cha tatu, nikasoma. Watu walikuja mlangoni, wakatazama, wakaenda kula, wakarudi na sahani. Watoto wakajaa madirishani. Kufikia cha kumi walikuwa wameshalishika lile jina, nikilisoma wanalisema nami. Bibi hakuwakataza. Mkono wangu ukaanza kufa ganzi, na sauti ikaanza kunikauka, na sikuthubutu kuomba maji.

Kwenye cha ishirini na tatu kidevu chake kilishashuka kifuani, pumzi zinakwenda taratibu. Clara alikuwa ametoka kumchukulia chakula. Nikaandika polepole, nikafuta ukurasa wa sitini na mbili, nikakisogeza kitabu upande wa kushoto kimyakimya.

"Hicho hujakisoma," alisema bibi.

Nikakirudisha, nikakifungua, nikasoma.